Kikono cha Wii kimepotea: soma hapa kabla ya kununua upau mpya

Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, imewaka, muziki wa menyu unasikika, rimoti imewasha taa yake ya bluu kama kawaida, lakini kile kikono cha kuelekezea hakionekani kwenye skrini. Au kinaonekana mara moja, kinarukaruka, kinatoweka. Wengi hapo husema "sensa imekufa" na kuanza kutafuta upau mpya wa sensa, kile kipande chembamba kinachowekwa kwenye televisheni. Mara nyingine wanakuwa sahihi. Mara nyingine upau mpya unafika, unachomekwa, na kikono bado hakipo, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye upau.

Nintendo walianza kuuza Wii mwishoni mwa 2006 na wakasitisha utengenezaji wake Japani Oktoba 2013. Katika miaka hiyo ziliuzwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo mashine zilizobaki bado ni nyingi na vipuri vinapatikana, ila karibu vyote sasa ni vilivyotumika au vya viwanda vingine. Ndiyo maana inafaa kujua hasa kitu gani kinafanya kazi gani kabla ya kutoa hela.

Upau hauhisi chochote

Jina ndilo lililowapotosha watu. Kile kipande chembamba kinachokaa juu au chini ya televisheni kinaitwa upau wa sensa, lakini ndani yake hamna sensa hata moja. Kuna taa kumi za LED, tano kila mwisho, zinazotoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Waya unaotoka kwenye upau kwenda kwenye Wii unabeba umeme tu. Hakuna taarifa inayopita humo. Wii haijui kama upau umechomekwa au haujachomekwa, na wala haijali.

Jicho liko kwenye rimoti. Kile kioo cheusi cha mbele kinaruhusu infraredi na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa kawaida, na nyuma yake kuna kamera ndogo iliyotengenezwa na PixArt. Kamera hiyo haipigi picha ya chumba. Inatafuta nukta zinazong'aa, hadi nne kwa wakati mmoja, inazipima zilipo kwenye gridi ya pikseli 1024 kwa 768, kisha inazituma namba hizo kwa Wii kupitia Bluetooth. Taa tano za upande mmoja zimekaribiana kiasi kwamba kamera inaziona kama nukta moja. Kwa hiyo inachokiona ni nukta mbili zilizoachana kama sentimita 20.

Kwa nukta mbili tu Wii inapata mambo matatu. Katikati ya nukta hizo panaonyesha unaelekeza wapi. Umbali kati yake unaonyesha uko mbali kiasi gani, maana ukisogea karibu zinaachana na ukirudi nyuma zinakaribiana. Na mstari unaoziunganisha ukilala upande, Wii inajua umepindisha kifundo cha mkono. Nukta zote mbili zinafanana, hivyo ipi ya kushoto na ipi ya kulia inaamuliwa kwa msaada wa akselerometa iliyo ndani ya rimoti, ambayo inajua ardhi iko upande gani.

Ukishaelewa hilo, mengi yanayoonekana kama miujiza yanakuwa ya kawaida. Mishumaa miwili inaweza kufanya kazi ya upau, kwa kuwa moto unatoa infraredi nyingi. Upau wa betri "usio na waya" haupeleki mawimbi yoyote popote; ni taa tu zilizowekwa betri. Na upau wa Wii ya Marekani, Ulaya au Japani ni uleule: diski za Wii zimefungwa kulingana na eneo la dunia zilikouzwa, upau haujafungwa.

Tahadhari moja kwa wenye mashine nyingine. Haya hayahusu Kinect ya Xbox 360 iliyotoka 2010, kifaa kinachofuatilia mwili wa mchezaji. Kule kamera zimo ndani ya upau wenyewe na Kinect ikifa hakuna taa wala mshumaa utakaoibadili. Pia ukinunua Kinect iliyotumika kwa Xbox 360 ya umbo la kwanza, ile nene, hakikisha inakuja na adapta yake ya umeme, kwa sababu USB ya mashine ile haitoi nguvu ya kutosha. Xbox 360 S yenye umbo jembamba ina tundu maalumu nyuma lisilohitaji adapta. PlayStation Move nayo ni njia ya tatu: kamera iko kwenye televisheni na inafuata mpira wenye rangi ulio kwenye kidhibiti.

Mtafute mgonjwa kwanza

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote zaidi ya simu. Washa Wii, fungua kamera ya simu, elekeza kwenye upau kutoka karibu. Taa zinazofanya kazi zitaonekana kwenye skrini ya simu kama nukta za zambarau au nyeupe, ingawa kwa macho upau umezimika kabisa. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kikali cha infraredi, kwa hiyo ukikosa kuona kitu jaribu kamera ya mbele, ile ya selfi. Kama huna uhakika na simu yenyewe, ipime kwanza kwa rimoti ya televisheni: bonyeza kitufe chochote ukielekeza kwenye kamera, taa ya mbele ya rimoti inapaswa kuonekana ikimetameta.

Matokeo yana maana tofauti.

Pande zote mbili zimezima: upau haupati umeme, au waya umekatika. Chomoa na uchomeke tena plagi ya upau nyuma ya Wii, kisha pinda waya taratibu karibu na plagi na pale unapoingia kwenye upau huku simu ikitazama. Taa zikiwaka na kuzima, umepata palipokatika. Waya huu ni mwembamba sana na unapita nyuma ya meza, kwa hiyo unabanwa na miguu ya meza, unavutwa na watoto, unatafunwa na panya.

Upande mmoja umezima: kamera inaona nukta moja. Kikono kinaweza kuonekana, lakini kinarukaruka na hakijui umbali. Huu ndio ugonjwa unaowachanganya watu zaidi, maana upau unaonekana "unafanya kazi kidogo". Ubadilishe.

Pande zote mbili zinawaka vizuri: upau ni mzima, acha kuulaumu. Tatizo liko kwenye rimoti, kwenye mpangilio, au kuna mwanga mwingine chumbani unaoisumbua kamera.

Kipimo cha pili kinathibitisha cha kwanza. Chukua mishumaa miwili, isimamishe ikiwa imeachana sentimita 20, juu ya sahani au kitu kisichoshika moto, mbele ya televisheni na si juu yake, mbali na pazia. Zima taa nyingine, kaa mita moja na nusu hadi mbili, elekeza rimoti. Kikono kikitokea, rimoti inaona, na kinachokosekana ni upau. Kisipotokea hata kwa mishumaa, jaribu rimoti nyingine. Ya pili ikiona na ya kwanza isione, kamera ya rimoti ya kwanza imekufa au kioo chake kimechafuka. Zima mishumaa ukimaliza. Ni ya kupimia tu, si ya kuchezea gemu jioni nzima.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya yote hayo: je, vitufe vya rimoti vinafanya kazi? Kama kubonyeza A hakuleti kitu na taa za bluu zinametameta zote kisha zinazima, hapo rimoti haijaoanishwa na Wii au betri zimeisha. Upau hauhusiki. Kwenye uso wa Wii fungua kifuniko cha kadi ya SD, kuna kitufe chekundu. Kwenye rimoti fungua kifuniko cha betri, kuna kitufe chekundu kingine. Bonyeza cha rimoti na ukiachie, kisha cha Wii na ukiachie, subiri taa moja ibaki imewaka bila kumetameta. Ikikataa, bonyeza kitufe chekundu cha Wii ukiwa umeiwasha na ukishikilie kwa sekunde 15. Hilo linafuta rimoti zote zilizokumbukwa, nawe unaanza upya.

Mwanga unaoiba macho

Upau mzima na rimoti nzima vinaweza kushindwa chumbani mwako kwa sababu kamera inaona nukta zaidi ya mbili. Jua linaloingia dirishani nyuma ya televisheni ndilo adui mkubwa, na nyumba zetu nyingi zenye madirisha makubwa upande wa magharibi zina tatizo hili saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni tu. Balbu za zamani za waya na za halojeni zinatoa infraredi kwa wingi. Balbu za LED za siku hizi zinatoa kidogo mno na hazina shida. Kisha kuna tatizo ambalo watu hawalifikirii: meza ya kioo au stendi ya televisheni inayong'aa. Upau uliowekwa juu yake unaakisiwa, na kamera inaona pau mbili, mmoja wa kweli na mwingine chini yake. Kitambaa cheusi kisichong'aa chini ya upau kinamaliza kesi.

Wii yenyewe ina mahali pa kuangalia hili. Ingia kwenye mipangilio ya Wii, chagua Sensor Bar, kisha Sensitivity. Skrini inakuonyesha kile ambacho kamera ya rimoti inakiona. Unapaswa kuona nukta mbili tu. Ukiona tatu au nne, kuna mwanga wa ziada: utafute na uufunike. Ukiona moja, upande mmoja wa upau umekufa au umefunikwa. Usiposhika kikono kabisa kiasi cha kushindwa kufika huko, ile mishumaa inakusaidia kuingia.

Kiwango cha usikivu kinaanzia 1 hadi 5. Kukipandisha kunafanya kamera ione mwanga hafifu zaidi, na hapohapo inaanza kuona pia vitu usivyovitaka. Kwa hiyo panda kiwango tu kama nukta ni hafifu kutokana na umbali. Kama tatizo ni mwanga wa ziada, shuka.

Mpangilio wa juu au chini ya televisheni unaoitwa Sensor Bar Position hauzimi wala hauwashi chochote. Unaiambia Wii iongeze au ipunguze kiasi fulani kwenye wima ili kikono kiwe pale unapoelekeza. Ukiukosea, kikono kipo lakini kinakaa juu au chini ya mkono wako.

Upi ununue

Upau wa waya wenye plagi ya Nintendo ndio chaguo la kwanza kwa mwenye Wii. Unapata umeme kutoka kwenye mashine, unawaka ikiwaka, unazima ikizima, hauna betri za kuisha katikati ya mchezo. Upau halisi una alama ya RVL-014. Plagi hiyo si USB wala si ya aina nyingine inayojulikana, ni umbo la Nintendo wenyewe, na inafaa Wii zote pamoja na Wii U iliyotoka 2012. Mwenye Wii U ana bahati ya ziada: GamePad yake, kile kidhibiti chenye skrini, ina taa za infraredi ndani, na ukicheza michezo ya Wii kwenye skrini ya GamePad, hiyo hiyo inakuwa upau.

Upau wa viwanda vingine unatosha kabisa, mradi uangalie mambo mawili. Umbali kati ya makundi mawili ya taa uwe karibu na sentimita 20. Zipo pau fupi ambazo ukikaa mita tatu kikono kinatetemeka. Na idadi ya taa: upau wenye taa mbili kila upande unaweza kufaa chumba kidogo, lakini ukihama pembeni ya kochi unapotea, kwa sababu taa zote zimeelekezwa mbele. Katika upau wa Nintendo taa za nje zimegeuzwa nje kidogo, za ndani zimegeuzwa ndani, na nyingine zinatazama mbele, ili mwanga ufike pia kwa aliyekaa kando.

Upau wa USB ni mzuri kwa mwenye kompyuta na kwa mwenye Wii ambayo tundu lake la upau limeharibika. Wii ina matundu mawili ya USB nyuma, na yanatosha kuuwasha. Ukitaka kuuwasha kwa pawabenki, kuna mtego: pawabenki nyingi zinajizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Upau unavuta kidogo mno, kwa hiyo unawaka dakika moja kisha unazima, na mtu anadhani upau ni mbovu. Chaja ya kawaida ya simu haina tabia hiyo.

Upau wa betri una faida moja, hauna waya, na mateso mawili: watu wanasahau kuuzima, na aina nyingi zinajizima zenyewe baada ya saa moja au mbili, hata kama mchezo haujaisha. Ukiamua kuununua, tumia betri za kuchaji.

Kwa wanaochezea Wii kwenye kompyuta kupitia Dolphin, programu inayoiga Wii, kampuni ya Mayflash wanatengeneza DolphinBar, ambayo ndani yake ina taa na pia Bluetooth ya kupokea rimoti. Inaunganishwa kwa USB na kwa Dolphin inawekwa kwenye hali ya nne. Kwa mtu wa Wii yenyewe ni gharama isiyo na sababu.

Neno moja kwa waliotumiwa Wii na ndugu kutoka Marekani. Adapta yake ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 inakufa papo hapo, na mwenyewe anaweza kuja kulalamika kuwa "sensa haiwaki". Adapta ya Ulaya inatoa volti 12 na ampea 3.7 kama ile ya Marekani, na inaingia kwenye mashine hiyohiyo bila shida.

Kuutengeneza mwenyewe

Kwa kuwa upau ni taa tu, mtu anayejua kulehemu anautengeneza kwa saa moja. Unahitaji LED sita za infraredi za milimita 5, rezista mbili za omu 56 zenye robo wati, kebo ya USB ya zamani, na kipande cha trunki ya plastiki ya waya cha sentimita 24 au hata rula.

Chagua LED zenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 940. Zile za nanomita 850 zinazotumika kwenye kamera za ulinzi zinafanya kazi, na unazitambua kwa wekundu hafifu unaoonekana gizani, lakini kamera ya rimoti inaziona hafifu zaidi kwa karibu nusu. Rimoti mbovu za televisheni ni chanzo kizuri, kwani LED zake kwa kawaida ni za 940.

Hesabu ni hii. USB inatoa volti 5. Kila LED ya infraredi inakula takriban volti 1.3. Ukiziunga tatu kwa mfululizo, mguu hasi wa moja kwenye mguu chanya wa nyingine, zinakula volti 3.9, inabaki volti 1.1. Ukitaka miliampea 20 zipite, gawanya 1.1 kwa 0.02, unapata omu 55, na rezista ya dukani iliyo karibu ni 56. Tengeneza nyuzi mbili kama hiyo, moja kila mwisho, kila uzi na rezista yake, kisha ziunge zote mbili sambamba kwenye waya mwekundu na mweusi wa USB. Upau mzima unavuta miliampea 40 hivi. Kama una LED mbili tu ulizozitoa kwenye rimoti, weka moja kila mwisho, na kila moja ipewe rezista ya omu 180.

Toboa matundu ya LED yakae kwenye makundi mawili ambayo katikati yake pameachana sentimita 20. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na ukingo wa LED uliokatwa bapa uko upande wa hasi. Waya mweupe na wa kijani wa USB hauhitajiki. Ukate mfupi na uufunge kwa tepu usigusane na mwingine. Kabla ya kufunga, geuza LED ya nje ya kila kundi itazame nje kidogo na ya ndani itazame ndani.

Makosa yanayojirudia ni machache. Kuacha rezista: LED zinawaka kwa nguvu siku moja kisha zinakufa. Kuunga LED kadhaa sambamba kwa rezista moja: moja inakula zaidi kuliko wenzake, inachoka kwanza, na nyingine zinafuata. Kugeuza LED moja kwenye uzi: uzi wote haupitishi umeme, upande mzima unabaki giza. Na kununua LED zenye mwanga mwembamba, ambazo zinaonekana tu ukikaa mbele yake kabisa. Dawa yake ni kusugua kichwa cha LED kwa msasa laini hadi kiwe cheupe kama maziwa, mwanga unasambaa.

Usiuchomeke upau huu wa volti 5 kwenye plagi iliyokatwa kutoka upau wa zamani wa Nintendo. Tundu la upau la Wii linatoa zaidi ya volti 5 na hesabu yote ya juu inavurugika. Lakini kama upau wa zamani ni mzima na waya wake tu ndio umekatika, unaunganishwa bila hesabu yoyote: una nyaya mbili tu, rudisha kila waya kwa mwenzake, lehemu, kisha funika kila mmoja peke yake kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Ukizichanganya, taa haziwaki, zibadilishe.

Umbali

Uko wapi kwenye kochi kunaamua mengi. Kamera ya rimoti inaona upana wa takriban nyuzi 33. Ukikaa mita moja kutoka kwenye upau, inaona eneo la upana wa sentimita 59, na nukta mbili zinachukua theluthi moja ya eneo hilo: safi. Ukisogea hadi nusu mita, eneo linabaki sentimita 30, na ukielekeza pembeni kidogo tu nukta moja inatoka nje. Ukirudi hadi mita tatu, nukta zinachukua pikseli kama 115 tu kati ya 1024, bado inafaa. Mita tano, pikseli 69, na kila mtikisiko mdogo wa mkono unaonekana mkubwa kwenye skrini. Ndiyo sababu inashauriwa ukae kati ya mita moja na tatu.

Mwenye projekta au ukumbi mrefu anaweza kutenganisha makundi. Nukta zilizoachana sentimita 40 ukiwa mita sita zinaonekana sawasawa na za sentimita 20 ukiwa mita tatu. Ongeza pia idadi ya LED, kwa sababu mwanga unapungua haraka kwa umbali. Michezo inayotumia ukaribu wa mchezaji itadhani uko karibu kuliko ulivyo, lakini kwa kuelekeza tu hakuna hasara.

Kama aliyekufa ni rimoti

Kabla ya kuitupa, safisha kioo cheusi cha mbele kwa kitambaa laini, na ukague sehemu ya kuwekea betri. Betri zilizovuja zinaacha unga mweupe au wa kijani kwenye chemchemi. Usugue kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa siki au ndimu, kisha umalizie kwa spiriti, uache ukauke. Betri za bei rahisi za redio zinaiendesha rimoti, lakini volti zake zinaporomoka ghafla rimoti inapotetemeka na spika yake inapolia, na rimoti inajizima katikati ya mchezo. Za alkali nzuri zinakaa hadi saa 25 hivi ukitumia kikono, na hadi 60 kwa mchezo usiotumia kamera.

Ukinunua nyingine, jua ya aina gani unaihitaji. Rimoti ya kwanza, RVL-003, ina kamera na akselerometa tu. Akselerometa inahisi mkono unaporushwa na inajua chini ni wapi, lakini haijui kwa uhakika rimoti inazunguka kwenda kushoto au kulia. Kwa ajili hiyo Nintendo walitoa MotionPlus mwaka 2009, kijikasha kinachochomekwa mkiani mwa rimoti chenye jairoskopu. Mwishoni mwa 2010 wakaiingiza ndani ya rimoti yenyewe; hiyo ni Remote Plus, RVL-036, ambayo chini ya neno Wii imeandikwa "Wii MotionPlus INSIDE". Wii Sports Resort na The Legend of Zelda: Skyward Sword hazichezeki bila jairoskopu hiyo. Mwenye rimoti za zamani akinunua kijikasha cha MotionPlus pekee anaokoa hela, na anaendelea kutumia rimoti zake.

Rimoti bandia zenye maandishi hayo ya MotionPlus zimejaa sokoni. Nembo haithibitishi kitu. Ijaribu kabla ya kulipa: ioanishe na Wii, fungua mchezo unaodai MotionPlus, na uone kama mchezo unaitambua. Kisha izungushe taratibu mkononi kama bisibisi, uone kama upanga wa kwenye skrini unafuata bila kuruka. Wauzaji wakweli hawakatai kipimo hicho.

Jairoskopu nayo ina tabia yake ya kuteleza: umeshika rimoti imetulia, lakini mkono kwenye skrini unasogea wenyewe pole pole. Hiyo si lazima iwe ubovu. Ilaze rimoti kifudifudi, vitufe vikitazama meza, juu ya mahali patulivu pasipotikisika, mchezo ukikuomba, na uiache sekunde chache bila kuigusa ijipime upya. Kuiweka juu ya goti au kochi hakutoshi, kwa sababu hata mpigo wa mguu unaingia kwenye kipimo. Rimoti iliyotoka mahali baridi, kwa mfano chumba chenye kiyoyozi, ipe dakika kadhaa kwanza, maana joto linabadilisha kipimo cha jairoskopu. Ikitulia baada ya kulazwa na kuendelea kutulia, ni nzima. Ikianza kuteleza tena kila baada ya dakika mbili tatu, na kijikasha kingine cha MotionPlus au rimoti nyingine haifanyi hivyo kwenye Wii hiyohiyo, hapo ndipo pa kubadilisha.